Kukata, Kuchoma, Kugandisha: Kidoa cha Mama Ifrah

Wanangu mnaoingia sasa kwenye kazi ya uuguzi, wakufunzi wenu watawaambia kwamba mgonjwa huja na shida, nanyi mkampa jibu. Mimi nimefanya kazi kwenye chumba cha upasuaji mdogo, kwanza Kajiado mjini kisha Kitengela, mpaka miguu ikanikatalia kusimama kutwa, na kwangu mara nyingi ilikuwa kinyume. Mgonjwa alikuja na majibu kochokocho, akaniachia shida. Hasa hawa wa vidoa.

Nasema vidoa vyeusi vya ngozi, vile ambavyo mtu huzaliwa navyo au vikamjia ukubwani, vingine bapa kama tone la wino, vingine vimeinuka kama punje ya mtama. Vingi havina neno. Mtu anaishi nacho, anazikwa nacho. Lakini ipo siku anakichoka, na siku hiyo ndiyo anafungua mlango wako na kukuuliza: nikate au nichome?

Nilipoanza kazi swali hilo halikuwepo. Daktari alikuwa na kisu, mimi nilikuwa na sindano ya ganzi na uzi, basi. Baadaye ikaja mashine ya umeme yenye ncha nyembamba, inachoma kidoa mpaka kinageuka majivu. Niliifurahia, maana hakuna nyuzi za kurudi kutoa. Halafu ikaja gesi baridi, ile inayotoa moshi mweupe ukifungua chupa yake, tukaambiwa sasa dawa ya kila kitu imepatikana. Tukagandisha kidoa cha mwanakwaya mmoja shavuni. Kilipona vizuri sana, kikaacha duara jeupe kwenye uso mweusi tii. Ikawa Jumapili akisimama kuimba, kanisa zima linaangalia duara. Alirudi kutuuliza, kwa upole kabisa, kama tunaweza kumrudishia kidoa chake.

Baada ya gesi ikaja leza, kwanza Nairobi kisha hata huku kwetu. Na kila mbinu mpya ilipofika, aliyeileta alitufundisha kwanza ubaya wa ile tuliyokuwa nayo. Kwa hiyo miaka ikienda, mimi nilizidi kujua ubaya wa kila njia, na uzuri wa hata moja sikuwa na hakika nao.

Aliyenifundisha ni Daktari Lemayian, mtu wa Kajiado hukohuko, mrefu, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba wagonjwa waliacha kulia ili wamsikie. Akina mama aliwaamkia Kimaasai, "Takwenya", nao wakaitikia "Iko", na wakiwa bado wanaitikia yeye macho yako kwenye masikio yao. Nilidhani ni adabu ya kwao. Kumbe alikuwa anatafuta makovu. Mtu aliyetobolewa sikio likafura kinundu, ngozi ya mtu huyo haijui kunyamaza. Ukiikata inaweza kuendelea kujenga hata baada ya kidonda kufunga, mpaka kovu likawa kubwa kuliko kile ulichokiondoa. Hiyo ndiyo keloidi. Kwa hiyo nanyi, kabla hamjaangalia kidoa, angalieni masikio, mabega na kifua, na mwulizeni mtu chanjo zake za utotoni ziliponaje.

Kitu kingine alichonishikisha ni chupa. Kipande ukishakikata kinaingia kwenye chupa ya fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, kinaenda maabara kuangaliwa. Jina la mgonjwa liandikwe kwenye chupa kabla ya kisu kuguswa. Si baadaye, si ukishamaliza chai. Nyama ikishalala kwenye sahani haina uso, na vipande vyote vinafanana.

Na alikuwa na msemo wake: "Kilichochomwa hakiulizwi." Maana yake ni kwamba ukikata unabaki na kitu cha kupeleka kwa wanaojua, ukichoma au ukipiga leza unabaki na harufu tu. Nilidhani msemo huo unamaliza mambo yote. Mpaka akaja Mama Ifrah.

Jina lake ni Habiba. Familia yao imetoka Wajir, wakahamia Kitengela watoto wakiwa wadogo. Mumewe, Mzee Adan, ananunua mbuzi Kajiado na kuuza Kitengela. Yeye ana duka la vitambaa, na mimi nilikuwa mteja wake wa madira kwa muda mrefu, kwa hiyo alipoingia kliniki asubuhi ile nilidhani ameniletea rangi mpya. Akafunga mlango mwenyewe, akatoa pini ya mtandio, akainua kidevu.

"Sista, hii kitu nataka itoke. Lakini kila mtu ananiambia yake."

Ilikuwa chini ya taya, karibu na sikio, pale pini inaposugua. Aliniambia ameishi nayo tangu akiwa msichana na haikuwahi kumsumbua, ila tangu mwaka uliopita imepanuka upande mmoja. Kisha akaanza kunihesabia washauri wake. Wifi yake wa Nairobi amesema leza, hakuna kitu kingine. Mama mmoja kutoka Kimuka anayemletea maziwa amesema ifungwe kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, ikauke, ianguke yenyewe. Rafiki yake amemwambia kuna msichana wa urembo kule Laiser Hill anayechoma vizuri, hata alama haibaki. Mwanawe wa kiume amesoma kwenye simu kwamba isiguswe kabisa. Nikamwuliza, na mzee je?

"Mzee anasema nikuulize wewe."

Nikawasha taa, nikavaa miwani. Kwa wale mnaojifunza, hiki ndicho nilichoangalia. Kingo: zilikuwa zimechongoka upande mmoja kama ramani. Rangi: kahawia hapa, nyeusi pale. Nikapapasa, nikauliza kama inawasha au kutoa damu, akasema damu iliwahi kutoka, lakini labda ni pini. Hiyo "labda ni pini" ilinikaa vibaya, kwa sababu inaweza kuwa kweli. Halafu nikakumbuka masikio. Nikasogeza mtandio nyuma. Nyuma ya tundu la hereni kulikuwa na kinundu cha ukubwa wa haragwe.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka. Kidoa kilikuwa kinasema nikate, unipeleke maabara. Sikio lilikuwa linasema usithubutu.

Nikamwita Daktari Lemayian, ambaye tulihamia Kitengela pamoja. Akaangalia kwa lenzi yake ya kukuzia, akasema ni cha kukata. Kisha akageuza sikio. Akakipapasa kile kinundu. Akamwambia Mama Ifrah aende akazungumze na mumewe, arudi wiki hiyohiyo, asichelewe. Alipotoka, nilimfuata Daktari kwenye chumba cha chai nikitegemea aniambie njia ipi, kama alivyozoea. Akakoroga chai yake ikapoa.

"Nikikata, nitapata jibu, na huenda nikamharibu uso," akasema. "Nikichoma, nitamwachia uso mzuri na sitajua nimechoma nini. Wewe ungechagua gani?"

Nilimtazama nikidhani ananipima kama zamani. Hakuwa ananipima.

Mzee Adan alifika kesho yake peke yake, ametoka sokoni moja kwa moja, ana vumbi hadi kwenye nyusi. Hakutaka kukaa. Alitaka kujua tu jambo moja: kama Habiba angekuwa dada yangu, ningefanya nini? Wanangu, hilo swali mtaulizwa. Mtaulizwa na watu wanaowaamini, na hamtaliona mahali popote kwenye mitihani. Nikamjibu kwamba sijui.

Hakupenda.

"Mimi mbuzi nikimtilia shaka namwacha," akasema. "Huyu siwezi kumwacha. Sasa kama wewe hujui, nani anajua?"

Nikamkalisha kwenye benchi, nikamweleza ninachokijua. Nikamwambia kovu linaonekana na lina dawa yake, ingawa dawa inachosha. Nikamwambia ugonjwa ukiwepo hauonekani mpaka uchelewe. Nikamwambia pia, kwa sababu ni kweli, kwamba vidoa vingi vya kutisha namna hii mwisho huwa si kitu. Nilipomaliza niliona nimemchanganya zaidi. Alisimama, akashukuru, akaenda zake polepole.

Siku chache zikapita bila Mama Ifrah. Nikapita dukani kwake, nikamkuta bintiye Ifrah akipima kitambaa. Nikamwuliza mama yuko wapi. Akasema ameenda upande wa Rongai, Laiser Hill, na rafiki yake. Mimi na hawa wasichana wa urembo tulikuwa na vita ya kimya. Nilikuwa nimeshaosha vidonda vingi vya watu waliochomwa na mashine za vibandani, na kila kidonda nilikiosha huku nikimlaani mtu nisiyemjua. Nikarudi kliniki nikamwambia Daktari kwamba tumempoteza, kile kidoa kwa sasa ni majivu.

Kumbe siyo. Mama Ifrah aliingia asubuhi iliyofuata, akatoa pini, na kidoa kipo palepale. Akatueleza alivyolala kwenye kiti cha kukunja, yule msichana wa urembo akawasha taa, akamshika kidevu, akaangalia upande huu na huu, kisha akazima mashine.

"Mathe, hii mimi siwezi guza," alimwambia. "Zile ndogo za mashavu naondoa. Hii iko na rangi mbili. Rudi kwa daktari."

Sikujua niweke wapi hasira yangu. Nilikuwa nimeibeba miaka, na sasa mtu niliyekuwa nimemwandalia ndiye aliyeturudishia mgonjwa. Halafu msichana mwenyewe alikuwa amesema sawa: vile vitone vidogo vinavyotokea mashavuni kwa watu wengi wa ngozi nyeusi wakiongezeka umri, vinavyofanana kwa rangi na umbo, hivyo vikichomwa kidogo tu na mtu anayejua, havina ubishi. Si kila kilicho cheusi ni cha kukimbiliwa na kisu. Sikuwahi kukutana naye. Ningependa.

Basi tukakata. Mama Ifrah alisoma Bismillahi yake, mimi nikaandika jina kwenye chupa, Daktari akapiga ganzi. Alikata umbo la jicho, refu, akifuata mkunjo wa taya, kwa sababu mkato ukifuata mkunjo wa ngozi hauvutwi sana na kovu linatulia upesi. Tukashona kwa uzi mwembamba bila kukaza. Kipande kikaingia kwenye chupa, kikaenda Nairobi. Nje Mzee Adan alikuwa amesimama kwenye jua ingawa kulikuwa na kivuli.

Majibu yalipokuja, Daktari aliyasoma akiwa amesimama. Kisha akakaa, akayasoma tena. Kisha akanipa mimi. Yalisema, kwa maneno mengi, kwamba chembe zile si za kawaida, lakini ubaya wake haujafika pa kuitwa saratani. Yalisema hali hiyo haina uhakika, yakashauri pakatwe zaidi. Nilisoma hapo pa "haina uhakika" nikadhani macho yangu yamezeeka. Maabara! Sisi huku tunatuma kwa sababu hatujui, na wao wanaturudishia kutojua kwetu kumepigwa chapa vizuri. Daktari akaomba vile vioo vilivyowekwa vipande vya kidoa vipelekwe kwa mtaalamu mwingine. Huyo akasema anaona ni kitu kisicho na madhara, chenye tabia ya ajabu tu, lakini kwa kuwa kingo za mkato hazikuwa safi, yaani chembe zile zilifika hadi ukingoni, yeye naye angeshauri pakatwe tena kidogo pembeni. Wawili hawakukubaliana ni nini, wakakubaliana kwenye kisu.

Tulimkalisha Mama Ifrah na mumewe. Daktari alieleza taratibu, kwa ile sauti yake.

"Kwa hivyo niko na saratani ama sina?" akauliza Mama Ifrah.

"Huna, kwa tunavyoona."

"Na mbona unataka kunikata tena?"

Daktari alisema anataka kuondoa shaka. Mama Ifrah akamwuliza, shaka ya nani? Daktari akasema, yetu sote. Mama Ifrah akafunga mtandio, akabandika pini upande wa pili, wakaondoka bila kusema watarudi au hawatarudi.

Zikapita wiki. Nikawa nampigia, hapokei. Mwishowe nikaenda dukani. Safari hii alikuwepo, akanivutia kiti, akamtuma Ifrah alete chai ya maziwa, tukanywa tukizungumza habari za bei ya vitambaa kama watu wasio na neno. Kisha bila kuniangalia akaniambia kwamba kisu hakiogopi. Mama yake alifariki Wajir akiwa na kitu kwenye titi. Walimpeleka huku na huku, akachomwa, akakandwa, akasomewa, mpaka akaisha, na hakuna aliyewahi kuwaambia ugonjwa ule unaitwaje.

"Nilitaka mimi niambiwe jina," akasema. "Hata kama ni mbaya. Mmenikata, na jina hamna."

Nikaweka kikombe chini. Yale niliyozoea kuwaambia wagonjwa yote hayakufaa. Nikamwambia ni kweli, jina hatuna. Nikamwambia kwamba tofauti yake na mama yake ni ndogo, nayo ni hii: kitu chake kimeangaliwa. Watu wawili wanaokijua wamekiweka chini ya taa wakakodoa macho, na hata walipobishana walikuwa wanabishana juu yake yeye. Mama yake hakubishaniwa na mtu. Sikujua kama hayo yanasaidia. Nilipoyasikia yakitoka niliona ni machache. Yeye akaendelea kukunja kitambaa mpaka kikawa kidogo kabisa, akaniuliza kama Daktari yupo Jumanne.

Tulikata tena Jumanne. Safari hii maabara haikukuta chochote kilichobaki. Tukashangilia kwenye chumba cha chai kama watu walioshinda mechi. Tukasahau sikio.

Sikio halikutusahau. Kidonda kilipofunga, kovu likaanza kupanda. Kwanza kama uzi, halafu kama kamba, gumu, linang'aa, linawasha usiku na mchana. Ikabidi aanze kuja kila mwezi nimpige ile sindano ya kusinyaza kovu, inayoingizwa ndani ya kovu lenyewe. Inauma kuliko kisu, maana kovu gumu halikubali dawa, unasukuma kwa dole gumba mpaka mkono unatetemeka. Nawashauri mtumie sindano nyembamba, mwende taratibu, na mumpoze mgonjwa kwa barafu kwanza. Mama Ifrah alinitukana kwa Kisomali kila mwezi. Nilipomwuliza maana yake alisema ni dua. Siku moja Mzee Adan akamsindikiza, akayasikia, akatoka nje akicheka hadi akashika ukuta.

Kovu likalainika polepole. Halikuisha. Mpaka leo liko, kama ukanda mdogo chini ya taya. Katika miezi hiyo mimi nililala nikiwaza: kama angefuata wifi yake akaenda kwa leza, labda leo angekuwa na uso laini na maisha yaleyale. Labda. Au labda kile kitu kingekuwa kimejificha chini ya ngozi laini kikitafuta njia. Niliwahi kumwuliza Daktari Lemayian, karibu na kustaafu kwake, kama tulifanya sawa. Akasema angefanya vilevile tena, na angekosa usingizi vilevile tena.

Siku ya sindano ya mwisho nilimfuta Mama Ifrah ile damu kidogo, nikampa kioo. Alijiangalia, akapitisha kidole kwenye kovu toka mwanzo hadi mwisho.

"Sista, niambie ukweli. Nilikatwa bure?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia sitawahi kujua, na hata wale wa maabara hawatajua, na akimpata mtu anayesema anajua ashike mkoba wake vizuri.

Nilidhani atakasirika. Akafunga mtandio wake, akaupandisha juu kidogo kuliko alivyozoea, kovu likabaki nje.

"Hata mimi sijui," akasema. "Lakini nalala."

Akashuka kitandani, akanikumbusha nipite dukani kabla rangi nzuri hazijaisha, akaenda kazini kwake. Kwenye benchi alikuwa amekaa kijana mmoja mwenye kidoa puani na simu mkononi, akitaka kunionyesha kwamba leza ndiyo bora kuliko zote. Nikamwambia aingie, nikawasha taa, nikaangalia kwanza masikio yake, tukaanza kuchanganyikiwa upya.